Gari la Kumchukua Lemuel

HATTIE: Haloo? Nani mwenzangu?

CORA: Mimi wifi yako, Cora. Umeamkaje huko Cleveland?

HATTIE: Salama. Mbona sauti hiyo? Kaka yangu—

CORA: Jirani yetu, Bi Pruitt, anasema asubuhi kamwona Lemuel shambani kwake. Kavaa sweta ya chuo, anazigonga nguzo za ua kwa bega. Ng'ombe wote wako barabarani. Anasema alikuwa akiita watu kwa majina.

HATTIE: Bi Pruitt naye! Si ndiye aliyesema kaona—

BI PRUITT: Nimemwona kwa macho yangu!

CORA: Mama, toka kwenye laini yetu! [Mkwaruzo.] Simu ya kijiji hii, wifi, laini moja nyumba zote. Hata kuku wanatusikiliza.

HATTIE: Aliita majina gani?

CORA: Ya wenzake wa timu ya chuo. Nusu yao wamekufa.

HATTIE: [Anavuta pumzi.] Ile mechi ya theluji. Enzi zile ule mpira wa kubeba mikononi na kuangushana waliucheza vichwa wazi, bila kofia ngumu. Walimlalia wote, akagongwa kichwa, akainuka na mpira kifuani anakimbilia upande wetu wenyewe! Nikamwambia baba, mtoeni. Baba akasema akitoka harudishwi, ndiyo sheria—

CORA: Na wakashinda.

HATTIE: Wakashinda. Walimbeba mabegani mpaka stesheni. Magazeti—

CORA: Mimi niliolewa na hayo magazeti. Leo namfunga vifungo vya shati. Juzi kaniuliza, "Mama, wewe ni mgeni wa nani?"

HATTIE: Cora...

CORA: Nimeshamrudisha nyumbani, na gari la hospitali ya vichaa liko mlangoni. Nimemwambia ni la chuo, linampeleka kwenye mechi.

HATTIE: Umemwambia nini?!

CORA: Ningesemaje? Wakimkamata kwa nguvu ataumia, au atawaumiza. Ila haniamini. Anasema Hattie hajawahi kumdanganya. Mwambie ndiyo. Neno moja tu, wifi—

HATTIE: Hapana, Cora, usimpe simu, usi—

LEMUEL: Hattie? Ni wewe, mdogo wangu?

HATTIE: Ni mimi, kaka.

LEMUEL: Kuna gari hapa nje. Huyu mama anasema la chuo. Lakini analia. Nani analia siku ya mechi?



OPERETA: Muda wenu wa simu unakwisha.

LEMUEL: Nimeshachana nywele. Ni la chuo kweli? ... Hattie? Niambie basi, niende.