Siku Nilipoita Kamyo kwa Jina Lake

Wenye kuniitikia kwa Bwana asifiwe, nawasikia, na wenye kuniitikia kwa salamu aleikumu, nawasikia pia. Sote hapa ni wake wa madereva au wajane wa madereva, na barabara haikutuuliza tunasali wapi. Mmeniomba nisimame leo. Nilikataa mara nyingi, mnajua. Sasa nimesimama, basi mnivumilie, maana mimi nikianza kusema sijui kufupisha.

Wakati wa vita nilikuwa nafanya kazi mtaa wa Rohero, kwenye ajansi ya kupitisha mizigo. Biro, ofisi yetu, ilikuwa mjini, depo iko Gatumba karibu na mpaka, na kutoka hapo mizigo inavuka kwenda Uvira. Kazi yangu ilikuwa foni, ile redio ya kuongea, yenye antena ndefu juu ya bati. Simu za mkononi zilikuwepo kwa wenye nazo, lakini mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo patron, bosi wetu, alitegemea foni. Kamyo ya mizigo, lori lile kubwa, ikitoka Rohero, nawaambia watu wa Gatumba. Ikifika, wananiambia. Basi. Nilikuwa nakaa kwenye kachumba kasiko na dirisha, na kwa kweli nilijiona mtu mkubwa.

Barabara ya Gatumba mnaijua. Si ndefu. Lakini miaka ile ilikuwa na wenye bunduki kwenye majani, na mtu alikuwa anaaga nyumbani kama anaenda nchi ya mbali. Kwa sababu hiyo patron alisema tusitaje kamyo kwenye foni, maana foni inasikika kwa yeyote mwenye redio. Tutafute neno la kuficha. Tulikaa sote, madereva, watu wa depo na mimi, tukakubaliana: kamyo iitwe ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kamyo ikitoka mjini, mimi nasema, “Ndagala mbichi zimetoka ziwani.” Ikifika, Gatumba wanasema, “Ndagala zimekauka.” Tulicheka sana siku ile. Nani angejua? Mji huu kila mtu anazungumza habari za ndagala kutwa.

Muda ukapita, tukaona tuna akili. Halafu kamyo moja ikashambuliwa, mzigo ukachomwa, dereva akakimbilia kwenye matete akapona. Tukasema ni bahati mbaya. Ikashambuliwa ya pili. Hapo dereva hakupona.

Ndugu zangu, nawaambia, msiba ule ulikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza mnalijua, maana mjane wake tunaye hapa na sitamtaja. La pili ni kwamba nikiwa msibani, nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, niliona wanasogea. Walisogea tu, kidogo kidogo, mpaka nikabaki na mkeka wangu peke yangu.

Kesho yake kazini nikaelewa. Saa ya kamyo kutoka walikuwa wanaijua watu wachache: patron, dereva mwenyewe, watu wa depo, na mimi. Patron hakuwa mwizi wa mali yake mwenyewe. Dereva hawezi kujiuza. Watu wa depo walikuwa wanasubiri tu kuambiwa. Nani amebaki? Yule wa kwenye kachumba, mwenye ndugu Uvira, anayeongea hewani kila siku.

Patron aliniita. Alikuwa mtu wa heshima, hakunipigia kelele.

“Mama, mi sikushitaki,” akasema. “Lakini madereva banasema. We unasema aje?”

“Patron, mi nasema ile tulipatana. Sijaongeza neno.”

“Basi endelea na kazi.”

Endelea na kazi! Mnaona mtego ulivyokuwa? Nikiacha kazi, watasema amekimbia, ni yeye. Nikibaki, kila nikishika mikro ya foni nasema mtu anatoka, na akipatwa na jambo ni mimi. Kurudi Uvira kwa wazazi siwezi, maana njia ya Uvira ni hiyohiyo, na ni nani kati ya madereva wale angekubali kunipakia? Nyumbani nilikuwa nawajibu watoto kwa mkato. Mume wangu alikuwa dereva wa ajansi ileile, na hata yeye, nasema ukweli, kuna jioni alikuwa ananitazama nikipika, na nikigeuka anatazama pengine. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Kisha zamu yake ikafika.

Asubuhi ile nilienda sokoni kabla ya kazi. Nilitaka apate ndagala mbichi kabla ya kuondoka, anazipenda kwa pilipili na ugali. Muuzaji wangu alikuwa mama mmoja mnene, mtu wa matani, mumewe na wanawe wote watu wa ziwa. Mbele yake kulikuwa na za kukauka tu.

“Mama, za mbichi ziko wapi leo?” nikauliza.

Akanicheka. “We mama uko mugeni? Mwezi unawaka hivi, nani alienda kuvua? Ndagala inafwata taa. Mwezi ukiwa mukubwa, taa haionekane, bavuvi banalala kwabo. Apana ndagala mubichi mpaka giza irudi.”

“Hata moja?”

“Hata moja. Na mutu akikuambia ameziona, huyo anakudanganya. Hata mutoto wa hapa anajua.”

Nilisimama pale na kikapu changu kitupu. Alidhani nimekasirika, akaanza kunibembeleza ninunue za kukauka. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nakumbuka wiki ile dereva wetu alipokufa. Umeme ulikuwa umekatika mtaani na watoto walikuwa wanacheza nje kwa mwanga wa mwezi, tukiwaita waingie kabla ya saa ya kufunga mji. Mwezi ulikuwa mkubwa namna hii hii. Na mimi, asubuhi, nilikuwa nimetangaza hewani kwa sauti nzuri, “Ndagala mbichi zimetoka ziwani.”

Mji mzima wa watu wa ziwa, na mimi nawatangazia samaki ambao hawapo. Mtu yeyote mwenye redio aliyekaa kwenye majani alijua huyu mama anasema uongo. Na akishajua ni uongo, anatazama tu barabara: ndagala zikitoka, kamyo inapita. Baada ya hapo hata giza lirudi, siri hatuna tena. Hakuna aliyetuuza. Tulijitangaza wenyewe, watu wazima tuliozaliwa kando ya maji, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mwezi.

Nilifika Rohero, mume wangu yuko tayari, injini inanguruma. Gatumba wananiita kwenye foni, “Mama, iko habari ya ndagala?” Nikashika mikro. Nikaiweka chini.

Patron akaingia. “Sema, mama. Muda unaenda.”

“Sisemi.”

Akasema lile neno nililokuwa naliogopa. “Ya bengine ulisema. Leo ni bwana yako, unakataa.”

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira, maana ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Nikamwambia, “Patron, zima injini, twende na mi sokoni. Usinisikilize mi. Umusikilize muuzaji.” Madereva walinicheka. Lakini patron alikwenda. Alisimama mbele ya yule mama wa samaki na suruali yake ya pasi, akaomba ndagala mbichi, akajibiwa vilevile nilivyojibiwa mimi, na matani juu. Kamyo haikutoka siku ile.

Haikutoka siku zilizofuata pia. Hapo tukafungika sote. Mizigo imejaa depo, foni hatuwezi kuigusa, kila neno jipya tulilofikiria lilionekana bovu. Ndipo akaitwa fundi aliyekuwa anatengeneza kompyuta za maofisi ya Rohero. Alieleza jambo linaloitwa VPN. Mimi nitawaeleza nilivyoelewa. Kompyuta ya Rohero na ya Gatumba zinaongea kupitia laini ya simu na internet, kama watu wote, lakini zinafungiana maneno kwa ufunguo ambao ziko nao zenyewe tu. Anayesikiliza njiani anaona kuna kitu kinapita, hajui ni nini. Programu ilikuwa ya bure, lakini inataka mashine moja ya katikati ya kutunza funguo hizo.

Patron aliuliza swali moja. “Na mashine yenye kushika funguo, itakaa kwa nani?”

“Unaweza kulipa batu ba inje bakushikie,” fundi akasema. “Ao inakaa hapa kwako, na taabu zake zote.”

“Ikae hapa. Nimechoka kusikilizwa.”

Na taabu zilikuwepo, asiwadanganye mtu. Ile mashine tuliiweka kwenye stoo ya zamani ya sukari, na betri za gari kwa ajili ya umeme kukatika. Siafu waliipenda. Ikilala, hakuna wa kumpigia simu isipokuwa fundi, na fundi naye anaogopa barabara kama wewe. Nikawa mimi mlinzi wake. Kutoka kachumba kamoja kwenda kachumba kengine! Lakini hofu yangu ilikuwa imebadilika. Niliogopa mashine kuharibika, sikuogopa tena sauti yangu.

Habari ilienea mjini, watu wakaja kuuliza. Nilitazama sana ni akina nani waliokuja, na ni nani hakuja. Muuza vitambaa wa jirani alikuja mara moja, akasema, “Mimi siri yangu ni ipi? Bei yangu nimeiandika mlangoni,” akaenda zake. Alikuwa na haki. Waliochukua mashine kama yetu ni muuza dawa wa jumla, kwa sababu dawa inatafutwa na kila mwenye bunduki. Kliniki yenye tawi pembeni ya mji, kwa sababu walikuwa wanatumiana majina ya waliojeruhiwa, na kuna watu wangependa kuyajua majina hayo. Wapeleka fedha. Biro ya wahasibu waliokuwa wanajua mishahara ya wengine inatoka lini. Hawakuwa matajiri kuliko wengine. Walikuwa watu wanaojua jambo ambalo likisikika, mtu mwingine anakufa. Mtu kama huyo hawezi kuweka funguo kwa jirani, hata jirani awe mwema vipi.

Siku ya kwanza aliyetoka alikuwa mume wangu, aliomba mwenyewe. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaanza kuandika “ndagala”. Vidole vilishazoea. Nikafuta. Nikaandika, “Kamyo imetoka.” Nilikaa nikiangalia maneno yale mawili. Kisha nikangoja, na kungoja kule siwaelezi, nyinyi wote mnakujua. Jibu likaja kutoka Gatumba: “Bwana yako amefika. Anakula.”

Namshukuru yule mama wa samaki, ambaye hakujua alichofanya. Namshukuru fundi, na patron aliyekubali kuchekwa sokoni. Funzo langu ni dogo: ukificha jambo, jiulize anayekusikiliza anajua nini ambacho wewe umekisahau.

Na mwisho namshukuru mwenzetu mmoja aliyekaa hapa. Baada ya yote hayo nilikwenda kwake, nikijua anaweza kunifukuza. Alinifungulia mlango, akatandika mkeka, akaketi karibu nami, bega kwa bega. Akaniuliza jambo moja tu: siku ile, kwenye foni, nilisema nini juu ya mume wake. Nilishindwa kumjibu. Miaka yote hii hakuuliza tena, na mimi nimekuwa namkwepa macho.

Dada yangu, leo nakujibu mbele ya hawa wote. Nilisema ndagala zimetoka. Ndivyo nilivyomtaja mara ya mwisho. Hakuwa ndagala, dada. Alikuwa mume wako, alikuwa anaendesha kamyo, na alikuwa ametoka nyumbani.