Kingori wa Theuri na Daftari la Kumi na Tisa

Kwa jamaa, wakwe, majirani na waumini mliofika hapa Tetu leo Jumamosi, tarehe 14 Mei 1977, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu kwa kadiri tunavyoyajua. Yamepigwa chapa mara mbili. Karatasi za kwanza tulizichoma juzi, na sababu yake mtaisikia mkivumilia. Aliyeandika ni mimi Wacera, dada yake anayemfuata, muuza mchele wa soko la Karatina. Wanaonijua wanajua kwamba siamini gunia mpaka nimetia mkono hadi chini.

Marehemu Simeon Kingori wa Theuri alizaliwa mwaka wa 1912 katika boma hili hili, mtoto wa kwanza wa mzee Theuri wa Kingori na mama Ngendo. Kipande chake, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari, lakini hiyo ilikuwa tarehe ya karani aliyetaka kwenda kula, maana wanaume wote waliosimama kwenye foleni ile walizaliwa siku moja. Kingori hakuikubali tarehe hiyo hata siku moja. Alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama desturi yetu ilivyo, na ndiyo maana katika nyumba yetu, ukirudi nyuma kadiri upendavyo, utakuta Kingori wa Theuri, kisha Theuri wa Kingori, kisha Kingori wa Theuri tena.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1930. Huko ndiko alikopata jina la utani la Nani-Alikuambia. Mwalimu mmoja alifundisha kwamba mlima wetu haukujulikana na mtu hadi mwaka wa 1849, Mzungu mmoja alipouona kutoka mbali na kuandika kwamba una theluji. Kingori aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, nani alikuambia hatukuwa tunauona?" Alichapwa viboko sita. Alirudi nyumbani anatembea upande upande, na mama alipomuuliza kama amejifunza jambo, alisema ndiyo, amejifunza kuuliza akiwa karibu na mlango.

Alifanya kazi ya ukarani na ukalimani katika baraza la wazee kwa miaka tisa, kisha akawa mwalimu kuanzia 1941, kwanza huku kwetu, baadaye Kangari kwenye majani chai, hadi alipostaafu mwezi Disemba 1967. Wanafunzi wake wamekuja leo kwa wingi, na baadhi yao bado wanakaa wima wakisikia jina lake.

Mnamo tarehe 8 Aprili 1939 alifunga ndoa na Magdaline Murugi, binti wa mzee Ndungu wa Mukurweini. Ndoa hiyo ilikuwa karibu ivunjike kabla haijaanza. Mzee Ndungu alituma watu waulize sisi ni watu wa aina gani, kama mzazi yeyote mwenye akili angefanya. Walirudi na jibu moja kwamba sisi ni "watu wa njia".

Wageni hamlijui neno hilo, kwa hiyo nitalieleza. Zamani za babu wa babu zetu, miaka michache baada ya yule Mzungu kuandika habari za theluji, wavamizi walikuja kutoka mbugani kuteka ng'ombe na watu. Ukingo wa msitu ulikuwa umechimbwa mashimo yenye vigingi vilivyochongoka, na katikati palikuwa na njia moja tu iliyo salama, ambayo walinzi wake waliijua kwa siri. Siku moja mtu mmoja aliwafungulia wavamizi njia ile. Watu kumi na saba waliuawa. Mtu huyo aliitwa Theuri wa Kingori.

Sasa sikilizeni vizuri. Theuri wa Kingori walikuwa wawili. Mzee Kingori wa wakati ule alikuwa na wake wawili, Watiri na Wachuka, na kila mke alipozaa mwana wa kwanza alimpa jina la baba wa mume, yaani Theuri. Mmoja wa ndugu hao alifungua njia, naye akafa siku hiyo hiyo. Mwingine aliuawa akijaribu kuifunga, akaacha mtoto mchanga. Sisi ni wa nyumba ya Watiri. Walio ng'ambo ya kijito, watu wa mzee Wahome wa Kingori, ni wa nyumba ya Wachuka. Na kwa zaidi ya miaka mia moja ilisemwa kwamba msaliti alikuwa wetu na shujaa alikuwa wao. Wao walipewa heshima ya kuanza kusema barazani. Sisi tukisimama, watu walikohoa.

Mzee Ndungu hatimaye alikubali kumtoa binti yake, lakini siku ya harusi alimletea bwana arusi kufuli kubwa la chuma. "Mwanangu," alimwambia mbele ya watu, "hii ni ya mlango ya msichana yangu. Nimesikia kwenu kufungua ni rahisi." Watu walicheka. Kingori alicheka pia, lakini mimi niliona mishipa ya shingo imemsimama.

Nadhani siku hiyo ndiyo alipoanza kutafuta. Alinunua madaftari ya shule, akaandika juu ya kila moja: Watu na Mambo ya Miaka ya 1840 hadi 1860. Likizo zote alizunguka kwa baiskeli kuhoji wazee. Aliandika habari za wahunzi wa Sagana, za wanawake waliopita katikati ya vita wakiwa na mizigo ya nafaka na hawakuguswa, na za mzee aliyepatanisha koo tatu kwa kukataa kula mpaka wanyamaze. Kila habari aliiandikia chini nani alimwambia, na huyo aliambiwa na nani. Mzee mmoja wa Othaya alimfukuza. "Wewe unaniuliza kama polisi," alisema. "Babangu akisema ng'ombe ilikuwa nyeupe, ilikuwa nyeupe!"

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Kingori alikamatwa akapelekwa kuchujwa uwanjani pamoja na wanaume wengine walioshukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Nilisimama nje ya waya. Nilimwona mtoa habari aliyefunikwa gunia kichwani akiitikia kwa kichwa kila aliyemtambua, na kando yake, amevaa koti la serikali, nilimwona Wahome, ambaye alikuwa kiongozi wa kijiji. Wahome aliinama akamwambia afisa jambo. Siku ile Kingori aliachiliwa, wenzake kumi na wawili wakapakiwa kwenye lori. Lakini jina lake liliwezaje kufika kwenye orodha, kama si kwa mkono wa mtu wa ng'ambo ya kijito? Hilo nililiweka moyoni kwa miaka ishirini na mitatu. Wahome akinisalimu sokoni nilijibu, lakini nilihesabu vidole vyangu baadaye.

Mwezi wa Agosti 1971 Kingori alikwenda Meru, akakaa siku tisa kwa mzee Marete, mwalimu mwenzake wa zamani. Aliporudi hakuwa mtu yule. Alikuwa na daftari jipya, la kumi na tisa, na hakutaka liguswe. Nilimuuliza, "Umepata?" Akasema, "Nimechoka, Wacera." Baada ya hapo hakuandika tena habari za njia ile. Mimi nilielewa nilichotaka kuelewa, kwamba amepata ukweli, na ukweli ni kwamba msaliti alikuwa wetu kweli. Nililia peke yangu kwenye ghala la mchele. Sikumuuliza tena.

Mwaka jana mwezi wa Septemba alizidiwa na ugonjwa wa sukari uliokwishamla macho na mguu. Alitibiwa Nyeri, na aliwatii madaktari baada ya kumuuliza kila mmoja alisomea wapi. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Mei saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, mama Murugi. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mbuzi wameletwa.

Jumanne nilifungua sanduku lake. Madaftari yalikuwa yamepangwa kwa namba, kutoka moja hadi thelathini na moja. La kumi na tisa halikuwapo. Na mtu wa kwanza kuja kutoa pole, kabla hata ya mchungaji, alikuwa mzee Wahome, amekaa nje kwenye benchi na koti lake limevimba kifuani. Nilimwona anatazama dirisha la chumba cha Kingori. Nikasema moyoni, mwizi amerudi kuangalia kama amesahau kitu.

Jumatano mchana nilivuka kijito. Sikubisha hodi. Nilimwambia, "Mzee Wahome, daftari ya ndugu yangu iko wapi?"

Hakushtuka. "Kaa chini, Wacera," alisema. "Iko na mimi. Jana nilikuja nayo, lakini uliniangalia vibaya, nikarudi nayo."

"Uliiba lini?"

"Ati kuiba? Kingori aliniletea mwenyewe, ile mwaka alitoka Meru. Aliweka hapa kwa meza akasema, hii ni ya nyumba yenu, usome ama uchome. Nimeenda nayo kwa moto mara tatu. Kila mara nikarudi nayo."

Nilisoma daftari hilo palepale kwenye kiti chake. Ninayoyasema sasa nayasema kwa ruhusa yake, na yuko mbele yenu, mstari wa pili, amevua kofia.

Huko Meru Kingori alikutana na bibi mmoja mzee sana, Karwitha. Nyanya wa huyo Karwitha hakuwa Mmeru wa kuzaliwa. Alitekwa na wavamizi akiwa mtoto, akaishi nao, kisha wakati wa njaa akabadilishwa kwa nafaka. Nyanya huyo alisimulia kwamba walimkamata mahali pa chumvi, ng'ombe wanapolamba, siku moja kabla ya uvamizi. Walimwambia baba yake afungue njia, atarudishiwa mtoto wake wa kwanza. Baba alifungua. Hakurudishiwa. Mtoto alimwona baba yake anaanguka akiwa anaita jina lake. Na jina hilo alikataa kubadilishiwa hadi kufa kwake, ingawa watu wa Meru hawana jina kama hilo. Aliitwa Wachuka.

Kingori hakuandika maelezo chini yake. Hakuna Mkikuyu anayehitaji maelezo. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Theuri aliyefungua njia alikuwa mwana wa Wachuka. Theuri wetu, mwana wa Watiri, ndiye aliyekufa akiifunga.

Nilifurahi, nakiri mbele ya Mungu. Nilisimama nikataka kupiga kelele pale pale nyumbani kwa Wahome. Ndipo nikageuza ukurasa. Kingori alikuwa ameandika hivi: "Mwaka wa 1954 afisa alisoma jina Kingori wa Theuri, na yule wa gunia alikuwa ameitikia kwamba ndimi. Wahome alisema: Bwana, Kingori wa Theuri ni babangu mimi, alikufa 1931, mwende mumshike kaburini, huyu ni mwalimu mwingine tu. Angegunduliwa angepigwa risasi. Nimepata ushahidi wangu, lakini nikiutoa nitampa mzigo wangu mtu huyo. Mimi nimeuzoea. Yeye ni mzee."

Miaka sita aliishi na kikohozi cha watu barazani akijua kwamba anaweza kukinyamazisha kwa sentensi moja. Nami miaka ishirini na mitatu nilimkunjia uso mtu aliyeniokolea ndugu. Nina aibu, na sitaificha kwa Kiswahili kizuri.

Nilimwambia Wahome tunaweza kuacha mambo yalivyo, kwamba karatasi zimekwisha kupigwa chapa na hazina habari hizo. Akasema, "Hapana. Soma yote. Usiruke. Yule babu yangu alikuwa anatafuta mtoto. Hiyo si aibu. Aibu ni sisi kuwaachia nyinyi mzigo yetu tukinyamaza."

Kwa hiyo tumechapa upya, na haya ndiyo maisha ya Kingori.

Ameacha mjane wake, Magdaline Murugi. Wanawe Theuri na Ndungu. Binti zake Ngendo na Watiri. Wajukuu kumi na wanne, wakiwamo Kingori watatu. Dada yake Wacera. Na ndugu yake, Wahome wa Kingori, wa nyumba ya Wachuka, ambaye katika karatasi zile za kwanza nilimwandika pamoja na majirani.

Bwana amlaze mahali pasipo na kelele. Mama Murugi amekubali kwamba udongo wa kwanza utatiwa na Wahome. Mpisheni, tafadhali, apite.