Mama Ngosha, Mlezi wa Ngege wa Buswelu

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Buswelu leo Jumamosi, tarehe 20 Septemba 1997, tunayemsindikiza ni Dorcas Ng'washi Shimba, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ngosha. Karibu maisha yake yote yalipita na samaki, na wiki yake ya mwisho aliimaliza akiulizia samaki mmoja tu.

Marehemu alizaliwa Kisesa tarehe 3 Juni 1934, mtoto wa tatu wa Mzee Shimba Chenge na Bi. Odeta. Alisoma hapo hapo Kisesa kuanzia mwaka 1944, akaishia darasa la nne mwaka 1947. Hakushindwa masomo. Alitolewa ili amlee mdogo wake, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Tarehe 12 Septemba 1953 alifunga ndoa na Venant Shigela, fundi wa kinu cha pamba. Mzee Venant, aliyekaa hapa mbele yetu, husema alioa mke mmoja akaletewa ziwa zima nyumbani, na harufu yake.

Kazi ya marehemu ilikuwa uchuuzi wa samaki mwaloni Kirumba, ufukoni mitumbwi inaposhushia samaki, tangu 1956. Hakuna aliyeweza kumuuzia samaki wa jana. Alikuwa akimwinua samaki, anampitishia dole gumba shavuni, anamfungua mdomo, na hapo hapo anakwambia kama ni wa leo. Siku hizo ngege na ningu, samaki wa asili wa ziwa hili, walijaa mitumbwini. Kisha sangara, mla samaki wenzake, akatawala ziwa, na viwanda vya minofu vilipofunguliwa watu wakamshangilia kwa sababu alileta ajira. Marehemu hakuwalaumu, lakini aliona ngege wanapungua, na mwaka 1991 ulipita mzima bila kumshika hata mmoja.

Februari 1993 alisikia kwamba ngege wamebaki katika lambo moja la kunyweshea ng'ombe huko Magu. Akaenda, akarudi na ishirini ndani ya debe, akawaweka katika bwawa alilochimba nyuma ya nyumba hii. Siku ya tisa alimwona jike mmoja amevimba koo. Akamtoa, na mkono ukafanya ulichozoea mwaloni: ukamfungua mdomo. Mayai yote yakamwagika kwenye vumbi. Ngege jike huyabeba mayai yake mdomoni, hali chakula, na hata watoto wakishaanguliwa hukimbilia humo humo wakitishwa. Marehemu alijua hivyo tangu utotoni, ila dole gumba lilimtangulia. Alilia, nasi tulimwona. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa ngege wake mdomo.

Machi mwaka huu mwanawe wa kwanza, Ngosha, anayefanya kazi kiwanda cha minofu, alifika na zawadi. Alitaka mama yake apate samaki wanaokua haraka. Alimimina bwawani sangara wadogo kumi na mmoja, akaingia ndani kumwamkia.

"Shikamoo mama. Nimekuongezea samaki bwawani."

"Marahaba. Samaki gani?"

"Sangara."

Marehemu hakupandisha sauti. Aliweka sufuria chini, akasema, "Mwanangu, umewafungia chui zizini."

Kwa siku tatu waliburuta wavu. Walipata kumi; mmoja hakuonekana. Kulikausha bwawa wasingeweza, maana ngege wangekufa pia. Kuanzia hapo kila juma ngege walionekana wachache zaidi, na Ngosha alikuwa akitoka zamu kiwandani anaingia majini na nguo za kazi.

Ugonjwa wa sukari uliokuwa umemsumbua marehemu tangu 1989 ulimzidi mwezi Agosti, akalazwa hospitalini mjini. Kila Ngosha alipoingia wodini aliulizwa swali moja. Jumatano jioni aliulizwa tena.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

Marehemu alimtazama machoni, akasema, "Haya." Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa kumi na moja alfajiri.

Ngosha ametuomba tuliseme hili mbele yenu: alikuwa hajampata. Alimdanganya mama yake kuhusu samaki, kosa ambalo mwaloni marehemu hakuwahi kumsamehe mtu. Jana, watu walipomaliza kuchimba kaburi, hawakuketi. Kiangazi kilikuwa kimeyashusha maji hadi magotini, wakashika wavu na Ngosha. Kabla ya magharibi wakamtoa sangara, urefu wa mkono wa mtu mzima, na tumboni mwake ngege wawili. Baadaye, kwenye maji ya pembeni, Ngosha akaona majike watatu wamevimba koo. Alimshika mmoja kwa mikono miwili ili ahakikishe kama ni mayai au maradhi. Dole gumba likakaribia mdomo, likaishia hapo. Kisha akamrudisha majini.

Marehemu ameacha mume, Mzee Venant; watoto wanne, Ngosha, Bernadeta, Nathaniel na Rebeka; wajukuu tisa; na ngege ambao hatuwezi kuwataja kwa idadi, kwa kuwa watatu wamefumba midomo na mwanawe hakuwafungua.

Pumzika sasa, Mama Ngosha. Amepatikana.