Mama Chomoa Hakulipa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Mwenzetu ametutoka na mimi nina hasira. Tunayemkumbuka alikuwa mchapaji, fundi wa kompyuta na mkali wa mtaa mzima. Mlimjua kwa jina la Mama Chomoa. Amefariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja. Meza mbili, feni yenye kelele, na mashine ya kutoa nakala ambayo haifanyi kazi mpaka ipigwe kofi. Ukimpelekea kazi, hakuanza na hujambo. Alianza na, "Nakala yako nyingine iko wapi?" Siku moja nilimjibu kwamba ipo humo humo kwenye kompyuta. Lo! "Mwanangu," akaniambia, "ufunguo wa akiba unaufungia ndani ya nyumba?"

Kila Ijumaa alasiri alichomeka diski ya nje, akanakili kazi zote, akachomoa, akaitia kabatini. Na kila mteja aliambiwa hivyo hivyo: ukishanakili, chomoa! Jina likamganda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kaka yake, mwalimu mstaafu, alishikwa na maradhi ya kusahau. Akataka kitabu cha maisha yake kiandikwe kabla hayajamponyoka yote. Kaka alisimulia, dada akachapa. Miaka mitatu. Na alichosimulia leo, kesho hakikumbuki. Narudia: kilichokuwa ndani ya kompyuta ile hakikuwa tena kichwani mwa mtu yeyote.

Asubuhi moja ikaingia barua pepe. "Mama, nisaidie kuchapa hii, naihitaji kabla ya saa sita." Chini yake hati moja. Jamani, mchapaji atakataa kufungua kazi? Akafungua. Hati ikamwambia maandishi yamefichwa, abonyeze kuruhusu ndipo yaonekane. Akabonyeza. Kirusi hakikuvunja mlango, wapendwa. Kilibisha hodi, kikakaribishwa.

Chai haijapoa, mafaili yakabadilika majina na kugoma kufunguka. Kioo kikawa chekundu: lipa kikombozi ndani ya siku tatu, ama usahau kila kitu. Na ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo alikuwa ampeleke kaka hospitali mchana, kwa hiyo diski aliichomeka mapema, akaiacha pale huku akiendelea na kazi. Kirusi kikaifunga nayo. Mama Chomoa, siku ile moja, hakuchomoa.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, ameniambia: "Mama alipiga yowe moja tu. Kisha akang'oa waya wa intaneti ukutani, akachomoa diski, akaupiga picha ule ujumbe, akaenda polisi. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kumwona amekaa kile kiti."

Jirani yake, muuza simu, akaja na ushauri. "Lipa kimya kimya, dada. Watu wakisikia fundi kaingizwa mjini, nani atakuletea kazi?"

"Nimlipe mwizi?" akamjibu. "Nani kaniambia akishakula atanipa ufunguo? Na akinipa, kesho si atarudi na nduguze?"

Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene, akakitundika mlangoni: NIMEIBIWA. INGIA NIKUONYESHE NILIPOKOSEA. Watu wakaingia. Wengine walikuja kucheka, mimi nikiwa mmoja wao, nasema kweli. Tulitoka hatucheki.

Alitufundisha mbele ya jeraha lake mwenyewe. Kwanza, kwenye kompyuta ya bintiye iliyo salama, alitafuta kwa wataalamu wa usalama kama kirusi kile kina ufunguo wa bure. Vingine vinao. Chake hakikuwa nao. Basi akaiweka kando ile diski iliyofungwa, akafuta kila kitu kwenye mashine, akapandikiza mfumo mpya kwa flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta ile salama, akabadilisha maneno yote ya siri. Mashine ikawa safi. "Lakini kumfukuza mwizi," alisema, "si kurudisha alichobeba."

Na kitabu? Kumbe kaka alikuwa na nakala. Wiki chache nyuma alikuwa amegoma kusimulia mpaka apewe kitabu chake kwenye flashi, akae nacho mfukoni mwa shati, pamoja na kipande cha chaki. Dada alimpa ili tu anyamaze. Wakaipima flashi kwa programu ya kuzuia virusi, wakaifungua. Kitabu chote kilikuwamo, isipokuwa sura ya kumi na moja, ile mpya. Sura ya mama yao.

"Mjomba alijaribu kuisimulia tena," anasema binti. "Akaanza, 'Mama yetu alikuwa...' Akamtazama mama yangu, akamwita mama."

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Muda ulioandikwa kwenye ile picha ya ujumbe ulikuwa unakaribia kuisha, na diski iliyofungwa bado ilikuwa kabatini. Mama Chomoa alilia. Akamuuliza kaka yake: tulipe? Mzee akafikiri, akasema, "Sura ya mama? Waachie. Wakiisoma watajifunza adabu."

Hakulipa. Nasema tena: hakulipa. Alikataa hata kuiandika sura ile kwa kumbukumbu zake mwenyewe, maana maneno yalikuwa ya kaka. Kitabu kimechapishwa. Sura ya kumi na moja ni kurasa sita tupu, na mstari mmoja juu: "Sura hii iliibiwa. Hatukulipa."

Kwa binti, kwa mwalimu, kwa jamaa wote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, tafakari: kipi chako kimebaki mahali pamoja tu? Inuka ukakinakili. Kisha uchomoe.

Jana nilikwenda kumpa mwalimu pole. Aliniuliza mara mbili dada yake yuko wapi. Nikafungua kitabu, nikamsomea: "Sura hii iliibiwa." Akanikatiza. Akapigapiga mfuko wa shati, akacheka.

"Hatukulipa," akasema.

Hilo hajalisahau.