Bi Mkasi Aliposimama Mbele ya Tume

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mhariri wa gazeti la mkoa wetu, mama aliyefariki Ijumaa iliyopita. Wengi hamkuijua sura yake, lakini kazi yake mmeisoma. Sisi tuliowahi kufanya naye kazi, mimi kabla sijaja hapa redioni, tulimwita Bi Mkasi.

Jina hilo lilimfaa. Ukimpelekea habari ndefu, alikurudishia fupi. Mdogo wake wa kike anacheka akikumbuka harusi yake mwenyewe. "Mjomba ana hotuba ya kurasa nne," anasema. "Dada akaiomba aisome. Mjomba aliposimama alikuta imebaki nusu ukurasa. Watu wakampigia makofi, akadhani ni kwa kipaji chake."

Baba yao alikuwa fundi cherehani. Alichora ruwaza za nguo, vile vipande vya kupimia kitambaa, kwenye magazeti makuukuu, na binti yake alijifunza kusoma humo humo, kwenye mikono ya mashati na viuno vya sketi. Habari ilikatika penye kola. Mtoto akaenda kwa baba: "Baba, huyu mtu walimkamata au hawakumkamata?" Baba hajui. Mtoto akapekua vipande chini ya meza mpaka akapata mwisho wa habari.

Alianza gazetini akiwa msahihishaji. Akawa mwandishi. Akawa mhariri. Gazeti la mkoa, wasikilizaji, ndilo lililoandika kuhusu jenereta ya hospitali ilipokufa watu wakiwa mezani kwa upasuaji. Ndilo lililoandika kuhusu vumbi la kiwanda cha saruji, na watoto wa mtaa wa jirani wanaokohoa usiku na mchana. Televisheni ya hapa haikutangaza. Gazeti jingine halikuandika. Vyote viwili ni mali ya mwenye kiwanda.

Narudia, ili tuelewane: mwenye kiwanda alikuwa tayari na televisheni na gazeti moja. Mwaka juzi akataka na hili la pili, gazeti la mkoa.

Waliokuwa na gazeti, watoto wa mwanzilishi, walikubali kuuza. Wafanyakazi waliambiwa wakiwa wamesimama kati ya mitambo ya kuchapia. Hakuna aliyeuliza swali. Kila mtu alifikiria kibarua chake.

Lakini uuzaji wa namna hiyo haupiti hivi hivi. Tume inayosimamia ushindani wa biashara ikatangaza kikao cha wazi. Swali lilikuwa moja: je, mauzo haya yana masilahi kwa umma? Mwenye maoni aje ayatoe. Bi Mkasi akajiandikisha. Katika chumba kizima cha habari, alijiandikisha yeye peke yake.

Hapo simu zikaanza.

Sauti ilikuwa ya kiume, ya upole, yenye adabu zote. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwepo siku moja mama alipoweka simu kwenye spika akikunja nguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwanao tu. Nilitaka kujua, binti yako bado yuko wodi ya watoto? Bado anapita ile njia ya nyuma akitoka kazini?"

Simu ikakatwa. Binti anasema mama aliendelea kukunja shati lile lile. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Mumewe ni fundi wa kutengeneza redio, mtu mpole asiyepandisha sauti. Siku hiyo aliipandisha. "Mama watoto, acha! Gazeti hukulizaa wewe. Huyu uliyemzaa ndiye wanayemtaja."

"Unadhani siogopi?"

"Sasa kama unaogopa, unakwenda kufanya nini?"

"Nikiacha leo, baba watoto, watajua kumbe mimi nazimwa kwa shikamoo."

Mume ananiambia usiku huo hakulala. Kesho yake akaanza kumsindikiza binti kazini, kwenda na kurudi. Kuna gari jeupe lilikuwa likiegeshwa ng'ambo ya nyumba yao. Halikufanya lolote. Lilikaa tu, injini ikinguruma, kisha likaondoka.

Asubuhi ya kikao, Bi Mkasi alikuwa akivaa. Mdogo wake ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. "Vidole vyake havikushika," anasema. "Nikamwambia, dada, sema unaumwa, hakuna atakayekulaumu. Akaniambia, nifunge na hicho cha juu."

Ukumbi ulijaa. Wenzake wa gazetini walikuwepo, wakitazama sakafu. Mimi nilikuwepo na kinasa sauti changu, kwa hiyo maneno haya ninayo. Wakili wa mnunuzi alimuuliza: "Mama, una ushahidi gani kwamba mteja wangu atazuia habari?"

"Sina."

Watu wakaguna. Wakili akatabasamu.

"Habari iliyozuiwa haionekani, mheshimiwa, ndiyo maana sina," akaendelea. "Ninalo swali tu. Watoto wakikohoa kwa vumbi la kiwanda, mama yao aende wapi? Akienda televisheni, ni ya kiwanda. Akienda gazeti lile, ni la kiwanda. Akija kwetu, atukute nasi ni wa kiwanda? Atasimulia kwa nani?"

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Kimya kile, wasikilizaji, kilinitisha kuliko kelele.

Tume ikaamua: kununua ni ruhusa, ila uhariri uachwe huru, chini ya bodi isiyoteuliwa na mnunuzi. Mnunuzi akakataa sharti hilo, akaondoa ombi lake. Gazeti likabaki. Wenzake wakarudi kumsalimia, mmoja mmoja, kwa aibu.

Naomba tusizushe mambo. Bi Mkasi amekufa kwa maradhi ya moyo, nyumbani kwake, mchana, mumewe akiwa amemshika. Familia imesisitiza hivyo. Lakini binti yake ameniomba niseme na hili: "Msimfanye mama shujaa asiyeogopa. Aliogopa mpaka mwisho. Simu ikilia, alitazama kwanza kama mimi niko ndani."

Kwa mume, kwa binti, kwa mdogo wake, na kwa wote wa gazetini: poleni sana. Mungu awape subira, naye amlaze mama yetu pema.

Wasikilizaji wapendwa, kuna jambo sitaki mlisikie kwa mtu mwingine. Jumatatu, siku tatu baada ya kifo chake, ombi limerudi mbele ya tume. Mnunuzi ni yule yule. Anataka gazeti la mkoa. Safari hii anataka na redio hii mnayoisikiliza.

Fundi mitambo ananitazama kupitia kioo, anatikisa kichwa, nisiendelee. Namwelewa, ana watoto. Nami ninao, na jana mmoja wao aliniuliza kwa nini kuna mtu kwenye simu anayejua shule yake.

Tufikiri, kila mtu nyumbani kwake: habari yako ungependa isimuliwe na nani? Kikao kipya cha tume nacho ni cha wazi, milango haifungwi. Nimekwisha kujiandikisha. Naogopa. Njooni basi, hata kama hamtasema neno. Njooni mkae karibu nami, ili nikimaliza kusema, ukumbi usiwe kimya.