Azariah Penfield na Ubatizo wa Baba Yake

Ndugu na dada mliosimama nasi kwenye theluji hii, familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Ndugu Azariah Penfield, tunayemlaza leo hapa kambini, kando ya mto Missouri.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1804 huko Goshen, Connecticut, mwana pekee wa Mchungaji Josiah Penfield, aliyemfundisha kusoma akiwa amempakata, kisha akamsomesha hadi chuo cha Yale, alikohitimu mwaka 1825 akijua Kigiriki na Kiebrania, akawa mwalimu wa watoto. Tarehe 30 Agosti 1829 alimwoa dada yangu Mehitabel, wakajaliwa watoto watano, na kati yao wawili tu tunao leo.

Mei 1835 alibatizwa katika imani yetu huko Kirtland, Ohio, na baba yake, mchungaji wa kanisa jingine, akamfungia mlango. Tangu hapo aliandika vitabu vidogo vya kuitetea imani hii, kilichopendwa zaidi kikiwa kile kinachofundisha kwamba aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya jamaa aliyekufa bila kuamini, ili naye atolewe gizani.

Kiangazi cha 1841, tukiwa Nauvoo, msafiri alileta habari kwamba Mchungaji Penfield amezikwa Goshen. Ndugu Azariah alilia, akafunga kitambaa cheusi cha maombolezo kwenye kofia, na tarehe 18 Julai akaingia mto Mississippi kubatizwa kwa ajili yake, huku jirani yetu Ndugu Tilton akimtania kutoka ukingoni, "Mwalimu, mzee alikukataa akiwa hai, sasa unamchovya akiwa hawezi kukimbia!"

Mei 1842 alitumwa kuhubiri mashariki, akapitia Goshen alione kaburi, akabisha hodi nyumbani, na aliyefungua alikuwa baba yake, kwani aliyezikwa ni baba yake mdogo, naye pia akiitwa Mchungaji Penfield. Mzee akaitazama kofia.

"Kitambaa hicho cha nani?"

Marehemu hakujua kusema uongo, akamweleza yote.

"Kumbe umenizika na kunibatiza, hata kuniuliza hukuniuliza," mzee akasema. "Nikifa kweli, mwanangu, niache nilivyo." Akafunga mlango taratibu.

Mzee alifariki tarehe 3 Machi 1844. Ubatizo ule haukuwa kitu, maana ulifanywa yeye angali hai, hivyo wengi walimhimiza marehemu arudi mtoni, na Ndugu Tilton akamwuliza, safari hii bila mzaha, "Wewe ndiye uliyetufundisha, Mwalimu. Wako unamwacha gizani?" Hakurudi majini, wala hakuandika tena hata ukurasa mmoja.

Tulifukuzwa Nauvoo kwa sababu ya imani yetu mwaka 1846, na Novemba, hapa kambini, kwa kukosa mboga na matunda, fizi zake zikaanza kuoza na miguu kuwa myeusi, hadi alipotutoka alfajiri ya juzi, tarehe 9 Februari 1847. Mkewe alikuwa amemwahidi kwamba mwana wao Reuben atabatizwa kwa ajili ya babu.

"Hapana, mke wangu," akasema. "Mtoto asiingie majini. Nakwenda kumwuliza mwenyewe."

Tunawashukuru wazee wa kanisa waliompaka mafuta, daktari aliyekuja mara nyingi akiwa hana dawa, Dada Tilton aliyemletea viazi vyake vya mwisho, na mumewe, aliyewasha moto juu ya udongo ulioganda hadi ukakubali jembe.

Lala, Mwalimu. Na huko unakobisha hodi, ufunguliwe.