Fomu ya Stresi ya Shiundu

Jumamosi saa kumi jioni benchi la kahawa la Maringo limejaa, na kila mtu ana neno. Katikati ameketi Shiundu wa kiwanda cha sabuni, ambaye wenzake wa maskani humwita Chuma, kwa sababu mwezi wa tatu alimzika mkewe Jecinta Jumamosi na Jumatatu akawa kazini. Wiki hii watafiti wamepita mtaani kupima stresi ya watu wazima. Wamemkata nywele kidogo kisogoni, wamechukua mate kwenye kichupa, kisha wakamwachia fomu ya maswali ishirini aijaze peke yake. Peke yake! Kwani Maringo nani hujaza kitu peke yake? Fomu iko mapajani mwa Nzuki, aliyekuwa karani wa korti Makadara miaka thelathini, na ukimnyang'anya Nzuki kalamu umetafuta vita. Pembeni yake ni Patrobas, dereva wa lori, jirani wa Shiundu ukuta kwa ukuta. Kathini, mwenye birika la kahawa, anamimina na hapitwi na neno.

— Swali la saba, — Nzuki akanguruma. — "Ukipatwa na jambo gumu, unarudi haraka katika hali yako?"

— Kweli kabisa! — Patrobas akaruka, kahawa ikamwagikia kiatu. — Huyu alirudi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi! Weka tiki mbili!

— Mbili haziruhusiwi.

— Basi moja nene!

Shiundu akacheka. Ilimpendeza, asikudanganye mtu. Tangu msiba watu walikuwa wakimpisha njiani kimya kimya. Leo wanamshangilia kama mfungaji wa bao.

— Na nywele je? — Kathini akauliza. — Yule dada wa watafiti alisema stresi hubaki kwa nywele, mwezi baada ya mwezi.

— Za Chuma hazina kitu, — Patrobas akasema. — Sisi tumevuta moshi wa Industrial Area tangu tuzaliwe. Stresi ikiingia inakohoa, inatoka yenyewe!

— Wacha uongo. Stresi hukaa kwa maini, — Nzuki akamkata. — Nimeona kortini. Mwenye maini dhaifu anazimia hata kabla hajasomewa mashtaka.

— Basi sikizeni! — Patrobas akapanda juu ya benchi. — Wakipima mate ya Chuma, mashine itaungua! Watatengeneza chanjo, wasee! Chanjo ya Maringo! Mtu wa mtaa wa Njiru akiachwa na bibi anadungwa moja, kesho yuko kazini anapiga mluzi!

— Na sura ya Chuma kwa chupa! — Kathini akadakia.

Benchi likapiga makofi, na katika kelele hizo Nzuki akaruka mstari mmoja. Shiundu aliliona swali likirukwa. Akanywa kahawa yake.

Walikuwa wametia tiki kwenye swali la ishirini wakati Wavinya, muuguzi wa watafiti, alipofika kuchukua fomu.

— Hamjambo wazee wangu?

— Hatujambo, daktari! Mshindi wako huyu hapa. Tumemaliza!

— Tumemaliza? Nyinyi?

Akaisoma. Tiki nene tupu, zote upande mmoja. Hakugomba. Akaweka kidole katikati ya karatasi.

— La kumi na mbili liko wazi. Usiku analala?

Nzuki akainua kalamu. Akamwangalia Patrobas. Patrobas akamwangalia Kathini. Kathini akaangalia birika.

— Analala bana, — Patrobas akajaribu. — Mimi ndiye jirani. Redio yake naisikia mpaka asubuhi, kwa hivyo najua yuko fiti.

— Mpaka asubuhi?

Patrobas akasikia alichosema. Akashuka kwenye benchi polepole.

Shiundu alitaka kuleta mzaha. Akauacha.

— Silali, — akasema. — Naweka redio nisisikie vile nyumba imenyamaza. Kitandani siwezi, nakaa kwa kiti. Nimechoka, wasee. Nimechoka kabisa.

 Wavinya akatoa fomu nyingine safi, akaiweka mapajani mwa Shiundu mwenyewe. Akamwambia amngojee Jumatatu baada ya kazi, wakae wawili waongee. Nzuki akampa kalamu bila kuombwa, kisha akageuka kuangalia barabara. Kathini akageuka. Patrobas akawa wa mwisho kugeuka, na huyo alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

— Shiundu, — akasema, mgongo ukiwa umemwelekea. — Mimi nilikuwa hapo nyuma ya ukuta tu. Pole, ndugu yangu. Leo nakuja kwako na godoro.

— Wewe?

— Mimi. Na nakoroma vibaya, ujue. Bibi yangu atakushukuru.

Shiundu akacheka, machozi yakadondokea fomu mpya kabla hajatia tiki hata moja.

— Njoo mapema, — akasema.